Madebe Yaliponyamaza Mwea

Kama hujawahi kulima mpunga, tafadhali usiniambie kwamba kwelea ni kiumbe mzuri wa Mungu. Ni ndege mdogo kuliko ngumi ya mtoto, ana mdomo mwekundu, na peke yake hana neno. Lakini hatembei peke yake. Huja na ukoo mzima, na wakwe, na majirani wa wakwe, mpaka jua linafifia, na jaruba ulilolihangaikia tangu Julai linabaki mabua matupu kabla hujamaliza kikombe cha chai. Mimi naitwa Mwikali. Nilizaliwa Kitui, nikaja Wang'uru, hapa Mwea, kuuza chai na mandazi, na mwishowe nikakodi jaruba langu mwenyewe. Nimewahi kuibiwa simu, nimewahi kuibiwa hata bwana, lakini sijapata kumchukia mwizi kama ninavyomchukia kwelea.

Msimu ule walikuja wengi mno. Ng'ambo ya mfereji mkubwa, kiwanja kidogo cha ndege kinapoishia, kuna matete marefu yasiyo na mwenyewe, na huko ndiko walikofanya malazi. Kulipopambazuka walitoka kula, jioni wakarudi kulala, na mpunga wetu ulikuwa ndiyo kwanza umetoa punje laini zenye maziwa, yaani vile wanavyoupenda. Tulipiga kelele mpaka makoo yakakauka. Tuligonga madebe mpaka viganja vikatoka malengelenge. Ukiwafukuza kwako wanatua kwa Phyllis, Phyllis akiwafukuza wanarudi kwako, na siku inakwisha hivyo.

Hatimaye serikali ikasikia kilio chetu, ikaleta ndege ya kunyunyizia dawa. Rubani wake alikuwa kijana wa Wamagana, upande wa Tetu, jina lake Ngugi. Sisi tulimwita Kapteni. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye kucheka kwa sauti, na alipofika tu alikuja kukaa kwenye benchi langu kando ya kiwanja.

"Mama Mandazi," aliniambia, "hii mandazi yako iko na uzito. Nikikula mbili ndege itakataa kuruka."

"Kula tatu basi," nikamjibu, "ulale hapa tukuozeshe."

Alikula nne. Alinieleza kwamba angeruka jua likikaribia kuzama, wakati kwelea wanarudi kulala, apite juu ya matete mara chache tu, na kazi iwe imekwisha. Alisema mama yake ni mchuma chai na hajui kabisa kwamba mpunga una maadui. Nilimpenda kijana yule. Sisemi hivyo kwa sababu alikufa. Nilimpenda pale pale, akiwa na makombo kwenye ndevu.

Sasa lazima nimtaje Muchiri, mwenyekiti wetu wa wakulima. Muchiri ni mtu mwema, lakini hata mbuzi wake akizaa atatafuta mgeni wa heshima. Ngugi alikuwa amemwambia watu wakae mbali kwa sababu ya dawa. Muchiri alitii kwa jinsi alivyoelewa: akawapanga watu mbali na ndege yenyewe, ng'ambo ya mfereji, karibu na matete. Kisha akawaza kwamba kijana aliyetoka kwao kuja kutuokoa hawezi kuondoka kimyakimya kama mtu anayekwenda chooni. Asindikizwe! Na watu wa Mwea msimu wa kwelea hawana ngoma wala tarumbeta. Wana madebe. Kila mtu alikuwa nalo mkononi.

Hakuna aliyetuambia tunyamaze, kwa maana hakuna mtu mwenye akili timamu ambaye angefikiria kwamba tungefanya tulichofanya.

Ndege ilikimbia, vumbi likatimka, ikainuka. Phyllis, jirani yangu, ndiye mwenye mikono yenye nguvu kuliko wote, na ndiye aliyegonga la kwanza. Wengine wakafuata. Watu walicheka, wakaruka, wakampungia mkono. Mimi sikugonga, na si kwa sababu ya hekima. Nilikuwa nimeshika birika.

Matete yakafunguka. Kwelea wote waliokuwa wameshatua waliruka kwa pamoja, kwa hofu ya madebe yetu, wakapanda wakiwa wamefungana kama blanketi, na ndege ikaingia katikati yao. Injini ikakohoa. Ikakohoa tena, ikanyamaza, na watu wa nyuma ambao hawakuwa wameona waliendelea kugonga. Bawa moja lililala. Ndege ilianguka kwenye jaruba tupu kando ya la Phyllis, tope likaruka juu kuliko nyumba. Tulikimbia sote, na tulipomfikia Ngugi alikuwa ameshakufa.

Polisi walikuja, wakazungushia utepe. Watu waliovaa nguo nyeupe kutoka kichwani hadi miguuni walikuja wakazoa tope lenye dawa. Wakaguzi walipima, wakapiga picha, wakasema uchunguzi unaendelea, na kwamba ndege nyingine haitapatikana msimu huu. Wakaondoka.

Asubuhi iliyofuata niliamka nikasikia kitu ambacho sijawahi kukisikia Mwea wakati wa mpunga. Kimya. Hakukuwa na debe, wala filimbi, wala mtu wa kuita "haai!" Watu walikuwa wamesimama kwenye kingo za majaruba yao, mikono nyuma, kwelea wakila mbele yao. Nani angegonga debe? Sauti ile ile iliyomuua mtoto wa mtu! Phyllis alilitupa lake kwenye choo cha shimo. Muchiri alijifungia nyumbani, na mkewe akasema hali chakula.

Nami nina hasira za haraka, hilo linajulikana hadi sokoni. Siku ya pili nilichukua sufuria na mwiko, nikaingia jarubani kwangu, nikaanza kugonga. Nilikuwa sijamaliza hata ukingo mmoja, watu wakaanza kunipigia kelele mimi badala ya kwelea.

"Mwikali! Hauna haya?" jirani mmoja aliniita. "Mtu bado ako mochari na wewe unacheza muziki?"

Niliiteremsha sufuria. Kweli niliona haya. Lakini nililia pia, kwa sababu nilijua hesabu yetu jinsi ilivyo: mpunga ule ukiliwa, watu hawa wote hawatakuwa na kitu cha kula wala cha kuuza mpaka mwaka mwingine, na Kapteni atakuwa amekufa bure. Hilo la pili ndilo lililoniuma zaidi. Alikuja kufanya kazi moja tu, nasi tulikuwa tumeiua pamoja naye, na sasa tulikuwa tukiitazama ikioza.

Ndipo tuliposikia kwamba mama yake anakuja. Kwa watu wa kwetu, mtu akifa ajalini, jamaa zake huenda pale alipoangukia, wakaombe. Muchiri ilibidi atoke nyumbani. Aliamuru madebe yote yafichwe stoo, hata yale ya kutekea maji, ili mama wa watu asije akaona hata moja. Mimi niliambiwa nipike chai.

Walifika kwa magari mawili, akina mama wa kanisa wakiwa na vitambaa vya kichwa na sweta. Sweta, katika jua la Mwea! Ungewahurumia. Mbele yao alikuwa Wacera, Mama Ngugi, mwanamke mfupi mwenye mabega mapana ya watu wanaobeba vikapu vya chai, na urefu wa mwanawe sijui aliutoa wapi. Hakuwa akilia. Alimsalimia kila mtu kwa mkono, mmoja mmoja, na kila aliyeshikwa mkono alitamani ardhi immeze.

Tulimpeleka mpaka pale. Mchungaji aliomba. Akina mama waliimba wimbo mmoja, polepole. Kisha Mama Ngugi akabaki amesimama peke yake ukingoni, akitazama lile shimo kwenye tope, na wakati huo huo wingu la kwelea likaja likatua kwenye jaruba la Phyllis, hatua chache kutoka alipokuwa. Uliweza kusikia midomo yao ikipasua punje. Hakuna aliyesogea.

"Hao ndio?" Mama Ngugi aliuliza.

"Hao ndio, Mama," Muchiri alijibu, akiangalia viatu vyake.

"Wanakula?"

"Wanakula."

"Na nyinyi?"

"Sisi tumekula, Mama, asante sana."

"Si chakula nauliza!" Aligeuka. "Nauliza, wao wakikula, nyinyi mnafanya nini?"

Muchiri alianza hotuba aliyokuwa ameiandaa, ile ya pole na ya Mungu anajua, naye Mama Ngugi akainua mkono.

"Nimeona hiyo video," alisema. "Imezunguka kwa WhatsApp mpaka Wamagana. Msichana wangu alitaka kuificha, nikamwambia nipe. Nimeona madebe. Kwa hivyo usinidanganye, ati hapa hakuna hata debe moja. Nani aligonga ya kwanza?"

Kwa Wakikuyu, na hata kwetu Wakamba, laana ya mama si mzaha, na mama huyu alikuwa na kila haki.

"Ni mimi, Mama," Phyllis alisema. "Ni mimi nilianza. Nilikuwa na furaha."

"Ni mimi niliwaita," Muchiri akasema. "Yeye aligonga sababu nilimwambia agonge. Kama kuna mtu wa kulaaniwa, nilaani mimi."

"Na mimi niligonga," akasema mwingine nyuma. "Na mimi." "Na mimi pia, Mama." Walisema wote, hata wazee, hata wale ambao najua hawakuwepo siku ile.

Mama Ngugi aliwasikiliza mpaka wa mwisho. Kisha akasema, na sauti yake haikupanda wala haikushuka:

"Mlikosea. Siwezi kuwaambia hamkukosea, itakuwa uongo. Nimezaa huyo kijana mmoja na wasichana watatu, na huyo mmoja ameenda. Lakini Ngugi alinipigia simu hiyo siku saa ya lunch. Aliniambia, 'Mum, hawa watu wameteswa na ndege, leo watalala vizuri.' Hiyo ndiyo maneno ya mwisho niko nayo. Sasa nakuja hapa, napata mmesimama kama milingoti, ati mnaniheshimu. Hii ni heshima gani? Mnaacha kazi ya mtoto wangu ikufe mara ya pili, na mimi nikiwa hapa naangalia?"

Hakungoja jibu. Alipanda juu ya ukingo wa mfereji, akawageukia kwelea, akainua kichwa. Nilidhani anaenda kuomba. Akapiga kigelegele.

Usipojua mila za Wakikuyu hutaelewa kwa nini wale wa Wamagana walishtuka. Kigelegele hakipigwi msibani. Mtoto akizaliwa, akiwa msichana akina mama hupiga vigelegele vitatu. Akiwa mvulana, vitano. Mama Ngugi alipiga cha kwanza na sauti ikakatika katikati. Alipiga cha pili. Cha tatu kilitoka vizuri, kikavuka mfereji. Kwenye cha nne wale wenzake walikuwa wameelewa, machozi yanawatiririka, wakamfuata, na cha tano kilipigwa na gari zima la kwanza na la pili, na mimi Mkamba pamoja nao, kwa sauti ambayo sikujua ninayo.

Kwelea wote wakaruka kutoka kwa Phyllis.

"Haya," Mama Ngugi alisema, akihema. "Hayo madebe mmeficha wapi?"

Ndugu yangu, nilishawahi kuona watu wakikimbilia unga wa msaada. Sijapata kuona watu wakikimbilia stoo vile. Mlango ulivunjwa kwa sababu aliyekuwa na ufunguo alikuwa polepole. Muchiri alitoka na mapipa mawili, akaanza kupiga huku akilia waziwazi kama mtoto, na hakuna aliyemcheka. Phyllis, ambaye debe lake lilikuwa chooni, alininyang'anya sufuria ya chai, akaimwaga chai yote chini, akaanza kuitwanga kwa mawe. Bado ina mabonde mpaka leo.

Kelele ile! Nikiikumbuka mwili wangu unasisimka.

Nilidhani mama yule angerudi kwao jioni. Hakurudi. Alitazama mchana ule wote jinsi tunavyofukuza, kisha akatuita pamoja, akiwa amevua sweta na kupandisha sketi, tope mpaka magotini.

"Nyinyi watu," alisema, "mnapeana hawa ndege kama mgeni asiyetakikana. Huyu anafukuza, wanaenda kwa huyu. Huyu anafukuza, wanarudi kwa yule. Kila mtu anachunga yake. Sisi kwa chai tunaingia laini moja, tunaenda pamoja mpaka mwisho wa shamba, hakuna ya mama nani. Mnaona?"

"Tunaona, Mama."

"Na hayo matete wanalala, ni ya nani?"

Tulitazamana. Hayakuwa ya mtu. Ndiyo maana kila msimu kila mmoja alisema kwamba yakatwe, na kila msimu hakuna aliyekata.

"Basi kesho ni yenu," alisema.

Simu yake ililia, shemeji yake kutoka nyumbani. Ilikuwa kwenye spika, kwa hiyo tulisikia sote. Aliuliza ni mwanamke gani anayeacha mwili wa mwanawe mochari aende Mwea kufukuza ndege, na kamati ya mazishi iambiwe nini.

"Iambiwe ingoje," Mama Ngugi alijibu. "Ngugi atanigojea, yeye ni mtoto mpole. Hii mpunga haiwezi kunigojea." Akakata simu.

Wale akina mama wa Wamagana walilala kwenye ukumbi wa kanisa, chini ya vyandarua tulivyowakusanyia kila nyumba, na asubuhi walikuja wamevimba nyuso kwa mbu na bado wakicheka. Mungu awabariki, hawakujua tope letu. Walianguka majarubani mmoja baada ya mwingine, wakaokotwa, wakaanguka tena. Mmoja alipoteza kiatu cha kanisani na hajakipata mpaka sasa, nadhani kitaota. Lakini walipojipanga! Tulisimama laini moja kutoka barabarani hadi kiwanjani, wakulima na wachuma chai, Mkikuyu na Mkamba na mwalimu Nekoye, mzaliwa wa Bungoma, aliyefunga darasa lake mapema, na tukaenda mbele kwa hatua moja, tukigonga. Hatukuangalia jaruba ni la nani. Kwelea walipojaribu kutua nyuma yetu, laini ya pili ilikuwa hapo. Walipokwenda mbele, tulikuwa tunakuja. Watu warefu walivurumisha vidonge vya tope kwa ncha za fimbo, na ukisikia mtu anashangilia ujue amempata mmoja.

Muchiri hakuwa kwenye laini. Alikuwa ndani ya maji mpaka kifuani, panga mkononi, akikata matete pamoja na wanaume wengine. Alikata kana kwamba ana ugomvi nayo. Kila jioni alitoka akiwa na mikono iliyochanika, akampitia Mama Ngugi na kumwambia pale walipofika, kama mfanyakazi anayempa ripoti tajiri wake. Yeye aliitikia kwa kichwa tu. Jioni moja alimpa chai yake, ile aliyokuwa anakunywa mwenyewe, akasema, "Kunywa, Muchiri. Utapata homa." Mwenyekiti alikaa chini palepale kwenye nyasi akainywa, akilia ndani ya kikombe. Baada ya hapo nikamwona akila.

Kadiri siku zilivyokwenda sauti ya Mama Ngugi iliharibika. Kwanza ilikwaruza, kisha ikawa kama ya mwanamume, kisha ikatoweka kabisa. Akaendelea kugonga. Punje zilikuwa zinakauka sasa, zinageuka rangi, na kila aliyepita alizibinya kwa vidole na kutabasamu peke yake.

Jioni ya mwisho walikuja wengi kuliko siku zote. Tuliwaona wakitokea upande wa mlima, angani wakikunjuka na kukunjamana, na watu wengine wakaanza kuomba kwa sauti. Matete hayakuwepo. Palikuwa na maji matupu na watu, watu kila mahali, wanagonga madebe, mapipa, karai, milango ya gari, honi za tingatinga zinalia, vigelegele juu yake. Walizunguka mara moja. Walishuka kidogo, wakasita. Nilikuwa karibu na Mama Ngugi na nilimwona akisonga mbele peke yake, mikono juu, mdomo wazi, akipiga kelele isiyotoka. Na wale kwelea wakapanda, wakageuka, wakaenda zao. Walielekea chini, upande wa Ukambani, kwenye mtama wa shangazi zangu, na Mungu anisamehe, nilifurahi.

Watu walirukaruka. Walibebana mgongoni. Phyllis alimnyanyua Mama Ngugi kutoka ardhini kama gunia, na mama yule, kwa mara ya kwanza tangu aje, akamwangukia begani akalia, na Phyllis akamshikilia hivyohivyo mpaka alipomaliza, huku madebe yakiendelea kuzunguka pande zote. Tulivuna wiki iliyofuata. Sitasema tulipata gunia ngapi, maana nitaonekana najisifu. Tulipata.

Tulimzika Ngugi Wamagana, kwenye shamba la mama yake, mlima ukiwa wazi kabisa siku ile. Sisi wa Mwea tulifika kwa lori, juu ya magunia. Watu wa Tetu walitutazama. Wengi walikuwa wameiona video, na wengine hawakutaka hata kutupa mkono. Yule shemeji wa simu alisimama akasoma ratiba, akasema sasa ni nafasi ya mama mzazi kusema neno la mwisho juu ya mwanawe.

Mama Ngugi alisimama kando ya jeneza. Akafungua mdomo, hakikutoka kitu. Watu wakaanza kunong'ona, pole, mama amezidiwa na uchungu. Hakuwa amezidiwa na uchungu. Alikuwa amemaliza sauti yake kwenye mpunga wetu! Alitutafuta kwa macho, akanielekezea kidole mimi, kwa sababu anajua mdomo wangu. Nikaenda mbele, mchuuzi wa mandazi mbele ya mkusanyiko ule wote wa watu wenye suti. Aliniinamisha, akaninong'oneza sikioni. Nilimwuliza, "Niseme hivyo tu?" Akaitikia kwa kichwa.

Nikashika kipaza sauti.

"Mama Ngugi anasema hivi," nikawaambia. "Anasema mtoto wake alitumwa Mwea kuokoa mpunga. Anasema mpunga umeokoka, uko pale jikoni, hao ndio wenyewe wameuleta, na hao ni watu wake. Anasema kazi ya Ngugi imeisha na imeisha vizuri. Sasa mumteremshe polepole, halafu mkuje mkule mshibe."

Kisha yule shemeji aliyekuwa na ratiba aliikunja, akaja mpaka tulipokuwa tumesimama sisi wa Mwea, akamshika Muchiri mkono, akamvuta mbele mpaka kwenye kamba za jeneza, akampa ncha moja. Wakamteremsha Ngugi pamoja.